Asili ya Jina Rehani

Wiki ya pili tangu Mzee Cyprian Rehani aanze kusafishwa damu, mdogo wake Fransis alikuja kumtazama nyumbani kwake Mtoni. Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, na mgonjwa akasogea kitandani. "Kaka, usihofu," alisema. "Maadamu mie nipo, mashine ile hutaikosa. Mara tatu kwa wiki, hata ikifika mwaka." Aliyasema hayo mbele ya majirani wawili, kwa sauti ya kufika barazani, kisha akamgeukia Marietha, binti wa mgonjwa, aliyekuwa akigawa chai. "Na wewe mwalimu, kuna kazi ukoo unakutegemea."

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu. Desemba watu wote wa ukoo wa Rehani, wa Dar, wa Lindi na wa Masasi, wangekutana kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, na Fransis alitaka kila nyumba iondoke na kitabu chenye picha za rangi. Kianze na Babu Rehani mwenyewe, yule wa zamani za misafara ya pembe. Alizaliwa wapi, alioa nani, alizaa wangapi, na jina lilitoka wapi.

"Jina linajulikana," alisema Mzee Cyprian kutoka kitandani. "Ni mrehani. Babu alikuwa tajiri wa pembe kule Mikindani, akipita njiani watu wananusa. Waarabu ndio wakamwita Rehani. Na liwali akamzawadia bunduki."

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Walikwisha kuisikia habari hiyo kwenye harusi tatu na msiba mmoja.

Marietha alikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu wa darasa la tano katika shule ya serikali. Mwanaume aliyezaa naye alikwenda Mtwara kutafuta kazi, huko akatafuta na familia nyingine. Tangu mama yake afariki alikuwa akiishi na baba yake na bintiye Auleria wa miaka kumi na miwili. Mshahara wake ulitosha chakula na umeme. Mashine haikuwa kitu cha mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo alipoambiwa aandike kitabu, alijibu, "Sawa, baba mdogo," akakusanya vikombe.

*

Padri Gaudens alikuwa mtu wa Bukoba aliyefanya kazi kusini miaka thelathini na mitatu. Sasa alikuwa amestaafu na kuwekwa katika nyumba ya mapadri wazee Kurasini. Nyuma ya ukuta wa nyumba hiyo palikuwa na yadi ya makontena, na kila lori lilipopiga honi mzee alinyamaza, akangoja lipite, ndipo akaendelea na sentensi yake. Watu walimwambia Marietha kwamba anayo madaftari ya ubatizo ya misheni moja ya zamani iliyofungwa, na kwamba Kijerumani anakisoma.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Kaa, mwanangu. Umesema Rehani? Yupo. Nimemtafuta tangu juzi uliponipigia."

Alifungua daftari lenye karatasi za rangi ya chai, akaweka kidole kwenye mwaka 1898. Wamisionari wale, alieleza, hawakumbatiza mtu mzima mpaka wamhoji maisha yake yote, hasa habari za wake. Kisha akaanza kutafsiri polepole.

"Rehani. Umri wake nakadiria miaka arobaini. Hajui jina alilopewa na mama yake." Lori likapita. "Mwaka wa njaa, akiwa mtoto wa miaka saba au minane, baba yake alimpeleka kwa mfanyabiashara wa pwani, akamwacha pale ili apewe mtama. Aliahidi kurudi kumkomboa baada ya mavuno. Hakurudi. Watu wa nyumba ile walikuwa wakisema, mwite rehani, mtume rehani. Likawa jina."

"Siyo mrehani, Padri? Ule mmea wa kunukia?"

Padri aliinama karibu zaidi na karatasi, kama anayetaka kumsaidia. "Hapana, mwanangu. Neno lenyewe ameliandika kwa Kiswahili, na pembeni akalieleza kwa Kijerumani. Kitu kilichowekwa mpaka deni lilipwe."

Marietha alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika. Padri akaendelea. "Wake wawili. Mkubwa ni Somoe, watoto watatu. Mdogo ni Sikujua, mtoto mmoja. Amekubali kumwacha Sikujua ili abatizwe."

"Na yule mtoto wa Sikujua?"

"Haikuandikwa." Alishuka mstari mmoja, akasoma kimoyomoyo kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. "Binti wa kwanza wa Somoe, umri kama miaka kumi na miwili, hakuja naye. Amemweka rehani kwa jumbe mmoja ili apewe bunduki. Nimemwuliza atamkomboa lini. Amejibu kwamba watoto wengine wapo."

"Rudia hapo, Padri."

Alirudia. Marietha akauliza jina la yule binti, akaambiwa halikuandikwa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa wino mwingine: amebatizwa Pasaka, jina lake Petro. Habari za binti hazikutajwa tena mahali popote, si katika ukurasa ule wala wa mwaka uliofuata, ingawa Padri alizipekua karatasi zote mpaka saa ya chakula. Marietha alizipiga picha kwa simu. Kisha akayanakili humo maneno ya Padri, neno kwa neno.

*

"Nilijua," alisema Mzee Cyprian.

Alikuwa amelala chali, miguu imevimba, na Marietha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na ile simu. "Baba yangu aliniambia nilipoanza kazi bandarini. Akasema sasa umekuwa mwanaume, kaa na hili. Nikakaa nalo. Fransis hajui, marehemu mama yako hakujua."

"Sasa habari ya mrehani ilitoka wapi?"

"Niliitunga mwenyewe. Wewe ungependa watu wajue umeitwa jina la deni?" Akapumzika kidogo apate pumzi. "Utaandika mrehani. Na bunduki uandike ya zawadi."

Jumamosi ya wiki ile alikuja Jenipher, mke wa Fransis, akiwa na mfuko wa machungwa. Alimpa mzee pole, akamsifia rangi, kisha akamwita Auleria aje amsalimie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Geuka nikuone. Umekua mama." Akamwambia Marietha, mtoto akiwa bado amesimama pale, "Rehema wangu ameondoka, yule msichana wa kazi. Na wajukuu wale mapacha wameletwa kwangu, mie mgongo sina. Nikamwambia mzee wangu, mbona tuna damu yetu Mtoni. Huyu aje Kunduchi akae na sie. Atasoma shule ya Kiingereza, basi la shule linafika getini. Jioni anawaogesha tu mapacha."

Marietha alimtuma Auleria dukani kununua chumvi, ingawa chumvi ilikuwepo.

"Mama mdogo, hata mie mliniambia shule," alisema.

Jenipher alicheka kidogo. "Na si ulisoma?"

Alisoma, kwa namna yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa Kunduchi kwa baba mdogo akakae likizo moja, akakaa miaka saba. Alilala stoo, pamoja na magunia ya mchele. Aliamka kabla ya wote, akafua nguo za watoto wanne, akaenda shule akiwa amechelewa, akarudi kupika. Mtihani wa kidato cha nne alifeli, akaja kuurudia akiwa mtu mzima, kwa pesa ya kuuza vitumbua. Miaka ile ile kaka yake Ferdinand alikuwa bweni huko Moshi, katika shule ya mapadri, ada analipa Fransis. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja, na Marietha mwenyewe hakuwahi kuyaweka pamoja mpaka alipokuwa amekaa Kurasini akimsikiliza Padri.

Jenipher alipoondoka, alirudi chumbani. "Baba, nataka kukuuliza kitu. Ulinipeleka kule ili Ferdinand alipiwe ada?"

Mzee hakukasirika. "Ferdinand alikuwa na akili."

"Na mie?"

Alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kutenda haki. "Wewe ulikuwa na nguvu," alisema.

*

Marietha alimpigia Fransis simu, akamwambia kwa heshima zote kwamba Auleria hataenda. Fransis hakupandisha sauti. "Mie simlazimishi mtu, mwanangu. Lakini na nyie msinilazimishe."

Jumatano walipofika hospitalini, mama wa dirishani aliandika jina la mzee kwenye kompyuta, akalitazama, akaliandika tena. "Huyu hajalipiwa," alisema. Foleni ilikuwa ndefu, na mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na shuka miguuni. "Mpigieni ndugu yenu anayelipaga. Na msogee pembeni, wengine wapite." Walisogea pembeni wakakaa mpaka saa nane. Fransis hakupokea. Mzee alijikojolea kidogo, ule mkojo mchache ambao figo zake bado ziliutoa, na Marietha akamfunika kwa kanga yake ili watu wasione.

Aliandika kwenye kundi la ukoo la simu, lenye watu mia moja na kumi. Akaeleza hali ya mzee na kuomba msaada. Yalirudi mafungu ya alama za mikono ya sala, na mjomba mmoja wa Lindi akauliza kitabu kimefikia wapi. Walimu wenzake walichanga, ikapatikana ya mashine mara moja. Ferdinand, ambaye sasa alikuwa injinia Dodoma na nyumba yake haijaisha kupauliwa, alipiga simu usiku wa pili.

"Sista, mbona unafanya ishu ndogo iwe kubwa? Mtoto anakwenda shule nzuri, siyo jela ya Segerea."

"Basi mpeleke wa kwako. Si ana miaka kumi na mitatu?"

"Wangu ana shule yake," alisema Ferdinand, na akaona amemaliza.

Siku ya mashine ya mara ile moja ilipita, damu ikaanza kuchafuka tena. Mzee akawa hawezi kulala chali, anakaa ameegemea ukuta akihema. Marietha alimkanda miguu kila jioni. Kidole kilipobonyeza, shimo lilibaki pale pale, likakaa muda mrefu kabla ya kujaa. Alikuwa akilitazama lile shimo na kupiga hesabu ambazo hakutaka kuzipiga: siku ngapi kwa mtoto mmoja, na mtoto mmoja kwa siku ngapi.

*

Jumanne alirudi kutoka kazini akakuta baba yake amevalishwa shati safi, amekaa sebuleni. Mlangoni hapakuwa na ndala za Auleria.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amekwenda. Leo hakwenda shule, nilimwambia abaki. Dereva wa Fransis amemfuata saa nne. Kesho asubuhi naenda kwenye mashine, nimekwisha kulipiwa mwezi mzima."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia babu yake atakufa asipokwenda. Akafunga begi mwenyewe. Ana moyo kukuzidi wewe."

Marietha hakukaa. Alikwenda Kunduchi na mkoba wake wa kazi begani, madaftari ya wanafunzi yakiwa ndani. Alipogonga geti alisikia sauti ya Jenipher kutoka ndani ikiita, "Rehema, hebu tazama nani." Aliyefungua alikuwa Auleria. Alikuwa amevaa dera la mtu mzima lililokunjwa na kufungwa kiunoni kwa kitambaa, mikono imeloa sabuni mpaka viwikoni.

"Wanakuitaje?" Marietha aliuliza.

"Rehema. Mapacha wamelizoea jina hilo." Auleria alilisema kama anaeleza sheria ya darasani. "Bibi amesema Auleria linawachanganya."

Fransis alikuwa barazani, miwani puani, anapitia kurasa za kitabu zilizotoka kiwandani kwa majaribio. Jalada lilikuwa na picha ya mrehani wa kijani kibichi. Hakuwa amengoja maandishi ya Marietha, alikwisha kumlipa mtu mwingine. Marietha alimpa shikamoo, kisha akamwekea simu mbele na kumsomea maneno ya Padri kama alivyoyanakili, mpaka pale pa 'watoto wengine wapo'. Fransis alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwingine ameyaona haya?"

"Baba anayajua tangu ujana."

"Basi kama yeye aliyanyamazia, na wewe yafute." Akamrudishia simu. "Kingine?"

"Naondoka na mtoto. Nakuomba umlipie kaka yako. Ni vitu viwili, baba mdogo."

"Kwako ni viwili," alisema Fransis. "Kwangu ni kimoja."

Jenipher alikuwa amesimama mlangoni na pacha mmoja mgongoni. "Umwambie baba yako kabisa," alisema. "Asije akasema sie ndio tulimwua."

Marietha alisimama pale barazani. Alijua anachokifanya. Hakuna mtu aliyemficha kitu. Akilini alimwona baba yake na shati safi, amekaa wima anangoja asubuhi. Akamwona na mtoto, mapovu ya sabuni yanamdondoka vidoleni juu ya vigae vya watu. Auleria alikuwa akimtazama bila kuomba chochote, na hilo ndilo lililomchoma. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kukubali.

"Kavae nguo zako," Marietha alimwambia.

*

Mzee Cyprian aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Siku za kwanza alizungumza. Alisema Babu Rehani alikuwa na akili kuliko wajukuu wote, maana alijua kitu gani kiuzwe ili wengine waishi. Alisema, "Mpeleke hata wiki mbili, nami nitakuacha." Marietha alikuwa akimwosha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba mkopo, akaambiwa angoje kikao. Alikwenda ustawi wa jamii, akapewa fomu inayohitaji mihuri mitatu, akapata miwili. Auleria alipomletea babu maji, mzee aligeuzia uso ukutani. Baada ya mara tatu Marietha akamwambia mtoto aache, maji atampelekea yeye.

Siku ya kumi na moja, saa mbili asubuhi, alikuwa akimkausha mgongo kwa taulo. Mzee aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Fransis amepiga simu.

"Hajapiga, baba."

"Atapiga," alisema. Saa nne alikuwa amekwisha kufa.

Fransis alifika saa sita na maturubai, viti mia tatu na mtu wa kamera. Alinunua jeneza lenye vishikio vya dhahabu na kioo usoni; fundi alimnong'oneza jirani bei yake, na jirani akamnong'oneza Marietha bila nia mbaya, na ilikuwa bei ya mashine ya miezi miwili. Jenipher alilia mpaka akashikwa mikono na wanawake wawili. Jikoni Marietha aliambiwa na shangazi yake apumzike, wapishi wapo. Alipokwenda kukaa mkekani na wafiwa, nafasi ikawa imejaa. Alipokaa pembeni, hapakuwa na aliyesogea kukaa naye.

Makaburini Ferdinand alisoma wasifu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya msomi. Alisema marehemu alikuwa mjukuu wa Rehani mkuu, mfanyabiashara mashuhuri aliyepewa jina hilo kwa harufu yake nzuri, aliyetunukiwa bunduki na liwali. Alisema marehemu aliumwa, akahangaikiwa kwa kila hali na mdogo wake Fransis, lakini yakatokea ya kutokea. Akafunga kwa kusema kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja na wajukuu watatu. Watoto wa Ferdinand walikuwa watatu. Watu wengi walimgeukia Marietha kumwangalia usoni, kisha wakarudisha macho kaburini. Hakuna aliyesahihisha. Mashada yakaanza kuitwa.

Watu walipotawanyika kwenda kwenye magari, Auleria alikuwa amemshika mama yake mkono. Walikuwa wamebaki nyuma wawili.

"Mama, mie ndio nimemwua babu?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Ile siku ulipokwenda kutafuta muhuri."

Marietha alisimama. Alikuwa na jibu la kumpa mtoto, jibu ambalo mama yeyote angelitoa, kwamba babu ameuawa na figo. Alilianza. "Babu aliumwa figo."

"Najua. Lakini ningebaki kule, angekuwepo?"

Mbele yao milango ya magari ilikuwa ikifungwa, moja baada ya nyingine. Marietha aliangalia uso wa mwanawe, akaona kwamba akimdanganya leo atakuwa amemtungia habari kama ile ya mrehani, ya kwenda kuisimulia kwenye harusi.

"Angekuwepo," alisema. "Labda mpaka Desemba, labda zaidi. Wewe hukumwua. Ni mie niliyekuja kukuchukua, nikijua."

Auleria hakulia. Alisogeza udongo mwekundu kwa ncha ya kiatu. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake, taratibu, bila hasira, akatangulia peke yake kuelekea getini. Marietha hakumwita. Aliokota mkoba, akamfuata kwa mbali.